Ridhaa ya Watoto wa Chuo

Ripoti ya mechi ya mpira wa kikapu kwenye magazeti yetu huwa na aya tano, na ukishasoma ripoti mbili umezisoma zote. Aya ya kwanza inakuambia nani kamchapa nani na kwa pointi ngapi. Ya pili inamtaja aliyefunga nyingi. Ya tatu inagawanya alama robo kwa robo. Ya nne ni kocha aliyeshinda akisema vijana wake walifuata maagizo. Ya tano ni kocha aliyeshindwa akisema wanaenda kurekebisha makosa. Basi, imeisha. Kama aliyeshindwa ni timu ya chuo, hiyo aya ya tano ndiyo makao yake ya kudumu.

Mimi ni shabiki wa hiyo aya ya tano. Kwa misimu kadhaa sasa nimefuata timu za vyuo kwenye ligi ya Shirikisho la Mpira wa Kikapu Kenya, KBF: Strathmore Blades, USIU Tigers, Terror Cats wa Chuo Kikuu cha Nairobi, na upande wa wanawake Strathmore Swords, USIU Flames na Zetech Sparks. Sikusoma kwenye chuo hata kimoja kati ya hivyo. Naishi Fedha. Wikendi mechi zikiwa Nyayo napanda mathree ya kupitia Cabanas, tunaingia Mombasa Road, nashuka kabla ya tao, naenda hadi ule ukumbi wa ndani ulio kando ya uwanja mkubwa. Wasee wengi wanaopita hapo wakielekea Lang'ata hawajui kwamba mle ndani kuna ligi.

Ninachotaka kuuliza ni swali la uhakiki, vile tungeuliza kuhusu riwaya au filamu. Msimu mzima wa timu ya chuo ni hadithi. Una wahusika, una mgogoro, na una mwisho ambao kila mtu anaujua mapema. Hadithi kama hiyo inafaa isimuliwe vipi? Na kwa nini sisi wenye ligi ndio hatuisimulii? Kuna Mmarekani aliyejaribu kujibu swali la kwanza kwa kitabu kizima. Nakipenda kitabu chake, na nadhani kinapotea njia mahali ambapo mtu wa Fedha hawezi kupotea.

Kabla ya kufika kwake, tuelewane kuhusu ligi yenyewe, kwa sababu ni ya ajabu kidogo. Kwenye mpira wa vyuo wa Marekani, wanafunzi hucheza na wanafunzi. Vyuo vimepangwa kwa makundi yanayoitwa konferensi, kila konferensi ina bingwa wake, na mwezi wa Machi mabingwa hukutana kwenye mashindano makubwa ya NCAA. Hapa kwetu michezo ya vyuo vikuu ipo kivyake, lakini vyuo vyenye timu nzuri vinaingia pia ligi ya taifa, na huko vinakutana na watu wazima. Ulinzi Warriors ni wanajeshi. KPA ni timu ya Mamlaka ya Bandari, na ukiwafuata kwao Mombasa wanakungoja ukumbi wa Makande. Equity ni benki. Kwa hivyo Jumamosi unakuta kijana wa miaka 19, mwenye CAT Jumatatu asubuhi, amepewa kazi ya kumzuia mwanajeshi aliyekomaa ambaye kukimbia ni sehemu ya ajira. Mwanajeshi akimwekea kiwiko kwenye mbavu, refa anaweza kuita faulo au asiite. Kijana anajifunza tu.

Halafu kuna sheria nyingine, katili zaidi, ambayo haimo kwenye kitabu chochote cha KBF. Timu ya chuo lazima ipoteze watu wake bora. Benki ikipata senta mzuri inakaa naye miaka minane. Chuo kikipata senta mzuri kinaanza kuhesabu semesta. Akishavaa lile joho jeusi na kupigwa picha na mathe, ameondoka. Labda atachukuliwa na mojawapo ya timu za wakubwa. Labda atapata kazi ya ofisi na mpira utabaki kuwa kitu cha Jumapili asubuhi, kisha kitu cha zamani. Shabiki wa Gor Mahia anaweza kuzeeka na mchezaji wake. Shabiki wa timu ya chuo anazeeka peke yake, na wachezaji wanabaki na miaka ishirini na moja daima.

*

John Feinstein, aliyefariki Machi 2025, alikuwa mwandishi wa michezo wa Washington Post. Alipata jina mwaka 1986 kwa kitabu A Season on the Brink, baada ya kukaa msimu mzima na timu ya Indiana chini ya Bob Knight. Hapo kila kitu kilikuwa kikubwa: chuo, kocha, hasira ya kocha, na hadhira iliyotaka kujua. Mwaka 2000 akatoa kitabu cha aina nyingine kabisa, The Last Amateurs, kuhusu msimu wa 1999–2000 wa Patriot League. Hii ilikuwa konferensi ndogo ya vyuo saba: Army, Navy, Bucknell, Colgate, Holy Cross, Lafayette na Lehigh. Ni vyuo vya masomo mazito, na wachezaji wake karibu wote walijua hawataiona NBA. Mmoja mmoja aliwahi kutoboa, kama Adonal Foyle wa Colgate aliyechaguliwa mwaka 1997, lakini huyo alikuwa wa kuhesabiwa kidole kimoja. Bingwa wa Patriot League alipata tiketi moja ya kwenda kwenye mashindano ya Machi, na huko kila mtu alitarajia achapwe raundi ya kwanza. Msimu ule Lafayette ndio waliotwaa taji. Wakaenda, wakachapwa raundi ya kwanza.

Kwa nini basi mtu amwage kurasa mia kadhaa kwa kitu kama hicho? Jibu ndilo fundisho kubwa la kitabu. Feinstein aliipa ligi ndogo muda uleule aliowapa Indiana. Timu za mkiani zina kurasa zao kama bingwa. Kocha anayejua atafungwa bado anapanga mbinu, na mwandishi anakaa naye hadi mwisho kuona mbinu hizo zikivunjika. Unapomaliza kusoma unagundua kwamba hukuwa unangoja mshindi. Ulikuwa unataka kujua yule mvulana wa mwaka wa nne ataondokaje.

Hiyo ndiyo maana nasema mpira wa vyuo unahitaji uhakiki wa namna yake. Ukiusoma kwa kipimo cha bingwa, hauna maana. Vyuo vyetu hufika mchujo, mara moja moja vinaangusha kigogo, halafu wakubwa wanarudi kuchukua chao. Ukiusoma kwa kipimo cha mtu, unapata vitu ambavyo timu ya benki haiwezi kukupa. Nimewahi kumtazama gadi mmoja kuanzia mwaka wa kwanza, wakati alipokuwa akidundisha mpira huku akiutazama, hadi mwaka wa nne, alipokuwa akidundisha huku akimtazama refa, kocha na binti wa safu ya tatu kwa wakati mmoja. Hakushinda kombe lolote. Nilimwona akikua, na kwenye ripoti zote za mechi zake hakuna sentensi inayosema hivyo.

Kuna kitu kingine kwenye Patriot League kinachomgusa msomaji wa Kenya moja kwa moja, nacho ni wanajeshi. Army na Navy ni vyuo vya kijeshi, na wachezaji wao wakihitimu wanaenda kutumikia. Sisi pia tuna wanajeshi kwenye ligi, ila kwetu mambo yamepinduka. Kule mwanajeshi ndiye mwanafunzi, na deni lake linamngoja mbele. Hapa mwanajeshi ndiye mtu mzima mwenye mshahara, na mwanafunzi ndiye anayemtazama akiwaza kama yeye pia atapata mkataba kama ule. Ukikaa Nyayo mechi ya Ulinzi dhidi ya timu ya chuo, unaona pande mbili za maisha ya kijana wa Nairobi zikipishana kwenye korti moja: huku masomo, huku kazi. Feinstein angepata kitabu hapo bila kutoka kwenye kiti.

*

Sasa niseme pale ninapobishana naye.

Tatizo liko kwenye jina la kitabu. Patriot League ilianza na wazo kwamba mchezaji asipewe ufadhili wa karo kwa sababu tu anajua mpira. Alipe kama wengine, au asaidiwe kwa sababu familia haina. Wakati Feinstein anaandika, ukuta huo ulikuwa unabomoka. Holy Cross walikuwa wameshaanza kurudisha ufadhili wa mpira wa kikapu. Ndiyo maana ya "wa mwisho" kwenye jina: aliona kitu safi kinamalizika, na pesa ndiyo inayokimaliza.

Hapa ndipo kitabu kinaponiacha stejini. Siku moja kinyozi wangu hapa Fedha aliniuliza swali nikiwa nimeinamisha kichwa, mashine ikinguruma. "Boss, hao watoto wa chuo unaoenda kuona, wanalipwa?"

Nikamwambia hawalipwi, ila wengine wanalipiwa karo.

"Sasa kulipiwa karo si kulipwa?"

Ameuliza kwa mzaha tu, kisha akaendelea na Arsenal yake. Lakini swali hilo ndilo ambalo kitabu cha Feinstein kinaogopa. Karo ya mwaka mmoja kwenye vyuo vya kibinafsi vya juu Nairobi ni mamia ya maelfu ya shilingi. Kwa nyumba nyingi za Embakasi, hiyo ni kodi ya miaka. Mtoto aliyejifunzia mpira kwenye korti ya saruji ya shule au ya kanisa, iliyo na pete lakini haina wavu, anaingia chuo kama hicho kwa mlango mmoja tu, na mlango wenyewe ni mpira. Ukimwondolea ufadhili ili mchezo ubaki "safi", umemwondoa yeye, wakabaki wale ambao baba zao wangelipa hata kama hawajui kurusha.

Kiswahili kina neno zuri hapa. Waingereza walisema "amateur", neno walilochukua kwa Wafaransa, na mzizi wake ni kupenda. Sisi tukasema mchezaji wa ridhaa. Ridhaa ni kukubali, kuwa radhi, moyo kutulia na jambo. Nadhani neno letu ni la ukweli zaidi. Kupenda hakuulizi maswali. Ridhaa inauliza: amekubali nini, na kwa bei gani? Kijana anayecheza ili karo ilipwe anaupenda mpira sana, msikosee. Lakini pia amefanya mapatano. Anaamka saa kumi na moja kwa mazoezi, anasoma usiku, na goti likiumia anajua si goti tu lililo hatarini. Akikaa kwenye mstari wa mitupo ya faulo, sekunde chache zimebaki, timu iko nyuma kwa pointi moja, anarusha akiwa na vitu vingi mkononi kuliko mpira. Huyo ni mchezaji wa ridhaa kwa maana kamili, na pesa imo ndani ya hadithi tangu mwanzo. Ukisimulia bila kuitaja, umesema uongo kwa heshima.

Historia yenyewe imeshamjibu Feinstein. Mwezi Machi 2005, miaka mitano tu baada ya kitabu chake, Bucknell waliiangusha Kansas 64 kwa 63, ukawa ushindi wa kwanza wa Patriot League kwenye mashindano ya NCAA. Kuruhusu ufadhili hakukuua roho ya ligi ile. Kisha Julai 2021 NCAA ikawaruhusu wanamichezo wa vyuo kupata pesa kwa majina na sura zao, na leo neno "amateur" kule ni kama kanzu ya babu: iko kabatini, hakuna anayeivaa.

Na mimi naishi mtaa unaoitwa Fedha, buda. Sina nafasi ya kujifanya pesa ni uchafu.

*

Kwetu pia pesa imeingia, na imeingia kwa kishindo. Mwaka 2023 kampuni ya Twende Sports ilichukua Nairobi City Thunder. Akaja kocha Mmarekani, Brad Ibs, na mazingira ya kazi ambayo wachezaji wengi wa hapa hawakuwahi kuyaona nyumbani. Mwaka 2024 Thunder wakatwaa ligi, kisha wakawa klabu ya kwanza ya Kenya kufuzu Basketball Africa League, ile ligi ya bara iliyoanza Kigali mwaka 2021 kwa ushirika wa NBA na FIBA. Mei 2025 wakacheza konferensi ya Nile, tena Kigali, ndani ya BK Arena. Nilifurahi kama kila mtu. Anayesema pesa haikusaidia hajawahi kuona timu ikisafiri usiku kucha kwa basi na kuingia kortini asubuhi.

Ila hadithi niliyoisikia sana mtaani baada ya hapo ilikuwa hii: ati mpira wa kikapu Kenya ulikuwa umelala, sasa umeamka. Hapo mhakiki lazima ainue mkono. Ulilala lini? Mwaka 1993 mashindano ya mataifa ya Afrika yalichezwa hapa Nairobi na Kenya ikamaliza ya nne. Mwaka 2019 Morans walikwenda Bamako kwenye AfroCAN wakarudi na medali ya fedha, baada ya kufungwa na Kongo kwenye fainali. Februari 2021, Yaoundé, Tylor Ongwae alirusha mpira wa mwisho na Kenya ikaishinda Angola, wakati huo mabingwa wa Afrika mara 11, kwa 74 dhidi ya 73. Mwaka huohuo timu ikarudi AfroBasket baada ya miaka 28, chini ya Liz Mills, mwanamke wa kwanza kuipeleka timu ya wanaume kwenye mashindano hayo. Huo si usingizi.

Na katika miaka yote ambayo hakukuwa na mwekezaji, nani alikuwa anaweka taa? Timu za kampuni zinakuja na kuondoka kulingana na bajeti ya mkurugenzi. Chuo kinabaki, kwa sababu kila Septemba kinapokea watoto wapya, na miongoni mwao lazima kuna warefu. Chukua orodha ya timu yoyote ya wakubwa, umuulize kila mchezaji alikuwa anacheza wapi akiwa na miaka ishirini. Utasikia majina ya vyuo, na nyuma ya vyuo utasikia majina ya shule za upili: Laiser Hill, Maseno, Kaya Tiwi, na hapa kwetu Eastlands, Buruburu Girls. Hadithi ya "kuamka" inaanzia ghorofa ya tano na kusahau kuna ngazi.

Sisemi Thunder ndio walioisahau. Sisi wasimulizi ndio tunaosahau, kwa sababu ushindi ni rahisi kuandika. Una kombe, una picha, una tarehe. Kazi ya chuo haina picha ya mwisho. Picha yake ya mwisho ni ya mahafali, na humo mchezaji amevaa joho, huwezi hata kujua alikuwa anacheza.

*

Wale mliosoma fasihi simulizi mnakumbuka orodha tuliyokaririshwa: sifo ni za kumsifu mtu, mbolezi ni za kuomboleza, majigambo ni ya mtu kujisifu mwenyewe. Ukiitazama ripoti yetu ya aya tano kwa orodha hiyo, unaona kwamba haimo popote. Haisifu kwa dhati, hailii, haijigambi. Ni risiti. Na msimu wa timu ya chuo ndio hasa unaohitaji vyote vitatu, kwa kuwa humo kijana anajigamba Oktoba, anasifiwa Februari, na anaagwa akiwa bado na nguvu zake zote.

Tatizo jingine ni lugha. Soka ilipata Kiswahili chake redioni. Watangazaji kama Leonard Mambo Mbotela waliufanya mpira uonekane kwa masikio, na msamiati ukakaa: kona, kiungo, mlinda lango, dakika za lala salama. Hata mtu asiyependa soka anajua dakika za lala salama ni nini. Mpira wa kikapu haukubahatika. Tuna kikapu, tuna ubao, tuna robo, halafu tunaishiwa na kurudi kwa Kiingereza. Pale Nyayo mbogi nzima hupiga kelele "defense!" kwa Kiingereza, na nadhani sababu moja ni kwamba ukisema "ulinzi!" utakuwa unawashangilia wanajeshi.

Lakini sikiliza vizuri, utagundua watu wana maneno. Mpira ukikosa hata pete, ukumbi mzima unasema "Hewa!" na mrushaji anatamani sakafu ifunguke. Mzee mmoja anayekaa karibu na mlango huita mpira unaodakwa baada ya kugonga ubao "mpira wa yatima", kwa sababu hauna mwenyewe hadi mtu auchukue. Sijawahi kusoma maelezo bora ya rebaundi kwenye lugha yoyote. Mchezaji anayeokota yatima kumi na mbili kwa mechi moja ni mtu wa namna fulani, na kwa neno hilo tayari unaanza kumjua. Ripoti ingesema "alikuwa na rebaundi 12", na ingekuwa kweli, na usingemjua.

Mtaani kwetu kuna ushahidi kwamba kumbukumbu inaweza kukaa bila jengo. Taj Mall ilibomolewa mwaka 2018, na hadi leo makanga wanaita abiria wa Taj, na watu wanashuka Taj, mahali ambapo hakuna Taj. Jina limeshikiliwa na midomo ya watu wanaolitumia kila siku. Kapteni wa timu ya chuo aliyecheza miaka minne, akaondoka, hana makanga wa kumwita jina. Mechi zake nyingi hazikurekodiwa. Takwimu zake zimo kwenye karatasi ambayo mwandishi wa meza aliikunja. Kama shabiki aliyekuwepo hatasema, basi miaka ile minne itabaki kuwa siri kati yake na goti lake.

Ndiyo sababu naona uhakiki wa michezo si anasa ya watu wa Marekani wenye vitabu vya kurasa mia nne. Ninachoomba kwa wanaoandika hapa ni aya moja zaidi, ya sita. Humo muweke kitu kimoja ambacho alama hazisemi: nani alicheza akiwa ametoka mtihani, nani alibadilisha mkono wa kurushia baada ya jeraha, nani hii ni mechi yake ya mwisho na hakuna aliyetangaza. Muweke pia pesa. Mseme nani analipiwa, nani alikosa msimu kwa sababu ya karo, bila kumwonea haya na bila kumfanya ombaomba. Na muweke kwa lugha ambayo yule kinyozi atasoma hadi mwisho. Feinstein alionyesha kwamba ligi ndogo ikipewa muda inakuwa kubwa. Sisi tuna ligi ambayo wanafunzi wanapambana na jeshi, benki na bandari kila wikendi, na bado tunaiandikia risiti.

Kuna watakaosema vyuo vitolewe kwenye ligi kuu sasa kwa kuwa pesa imekuja, wacheze wao kwa wao, wakubwa wabaki na wakubwa. Naelewa hoja hiyo. Vipigo vingine ni vya kufumba macho. Lakini nadhani wangepoteza wakubwa pia. Timu ya kulipwa inayokutana na timu za kulipwa peke yake itajua kushinda na kushindwa. Inapokutana na watoto wanaojua watafungwa, na bado wanakaba kuanzia mwisho mwingine wa korti dakika ya thelathini na nane wakiwa nyuma kwa pointi ishirini na tatu, inakumbushwa kwamba kila mmoja wao alianza hivyo, kwa ridhaa.

Msimu ukifunguliwa, tafuta ratiba, uchague chuo chochote. Usichague kile kitakachoshinda. Chagua mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza, mwenye jezi iliyomzidi, anayekaa mwisho wa benchi. Mfuate miaka minne. Halafu uandike.